Vijino Chini ya Bodi

Ushongo, 12 Januari 2025

Mdogo wangu Qais,

Assalaam alaykum. Najua umeninunia, na haki unayo. Barua uliyoniletea Tausi alipozaliwa imekaa chini ya godoro mpaka imepinda kama godoro lenyewe. Kila siku nasema leo nitamjibu, kisha mtoto analia au sufuria inamwagika. Nisamehe. Lakini si kazi peke yake iliyonichelewesha. Nilikuwa nangoja masikio yangu yarudi ndipo nikuandikie habari nzuri. Hayakurudi.

Ile homa iliyonilaza baada ya kujifungua ilipoondoka, iliondoka nayo. La kushoto limekufa kabisa. La kulia nasikia kama mtu anasema kutoka ndani ya mtungi. Ndiyo maana ukipiga simu anapokea Himyar, anakwambia nimelala. Nilale wapi mimi, na mtoto wa miezi minne?

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Himyar anashinda jikoni kule hotelini, mchana mzima niko peke yangu na Tausi. Juzi nimemlaza ndani, mimi niko barazani nashona kofia, mara namwona mama mkwe amesimama mbele yangu na mtoto mkononi. Bi Shamsiya ametoka Kigombe bila kutuma habari, amepitia mlango wa uani, na naona sauti ya mtoto ameipokea njiani. Tausi alikuwa amelia mpaka koo limekauka, analia hewa tupu. Na mimi nje natoboa vitobo vyangu kwa raha.

Hakunitukana, Qais. Afadhali angenitukana. Alimbembeleza mtoto, kisha akaniinamia sikio la kulia akasema, "Mwanangu, si kosa lako. Lakini mtoto halelewi na mtu asiyemsikia. Nitarudi siku ya kuvunja jungu, kabla hatujaanza kufunga Ramadhani. Nikikuta mambo ni haya haya, naondoka naye Kigombe. Akishaweza kutembea, akaja mwenyewe kukuvuta kanga, nitamrudisha."

Himyar anasema mama hana nia mbaya. Najua hana. Mwenye nia mbaya ningegombana naye.

Wewe unasomea umeme hapo Tanga. Simu hutetemeka mfukoni bila kulia. Huwezi kunitengenezea kitu kitakachonitetemesha mtoto akilia? Usinionee huruma, nipigie hesabu. Na ujibu kwa barua, umpe Manase anayeleta mboga za hotelini. Kwenye simu yangu ya kitochi huwezi kunichorea kitu.

Dada yako,
Rasha


Chumbageni, 17 Januari 2025

Dada Rasha,

Shikamoo. Nilinuna kweli, lakini kununa kumekwisha kwenye mstari wa tatu. Barua nimeisoma nimesimama na mpaka sasa sijakaa.

Inawezekana, dada. Tena kwa vitu vilivyopo. Chuoni kuna bodi ndogo, ndogo hasa, kama kucha ya kidole gumba cha mwanamume, na zina akili ya kufundishwa. Nitachukua mbili. Moja itatundikwa juu ya kitanda cha Tausi, isikilize. Ya pili utaivaa mkononi pamoja na kitetemeshi cha simu. Ya kitandani ikisikia kilio inamwambia mwenzake bila waya, na mkono wako unatetemeka.

Ya kitandani itakula umeme wa chaja. Shida ni ya mkononi, kwa sababu inataka betri, na mahali pa betri pako chini ya tumbo la bodi. Ni vidoa viwili tu vya rangi ya dhahabu, bapa, havina tundu wala ndoano. Kila mtu pale huchomelea waya kwa risasi ya kuyeyusha. Mimi siruhusiwi. Mwalimu Godlisten amenipa bodi kwa sharti moja: baada ya Idi, siku ya mtihani wa vitendo, zirudi hazina hata tone la risasi. Mwenzetu mmoja alirudisha vidoa vimebanduka, na mtihani hakufanya.

Kuna sindano za springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, za kugusa tu na kuachia. Nimezunguka maduka yote ya mjini, wananitazama kama nimeulizia pembe ya paka. Za kuagiza hazitawahi kuvunja jungu.

Nimekuchorea tumbo la bodi kwa vipimo vyake halisi. Wewe mwenye mikono ya kofia, hebu litazame. Waya utagusaje pale na ubaki pale, bila kuchomelewa?

Mbusu Tausi. Mwambie mjomba wake hajalala.

Mdogo wako,
Qais


Ushongo, 24 Januari 2025

Qais,

Nimepata. Mkono unatetemeka hata kabla ya bodi yako kufika.

Nilikuwa nabadilisha laini kwenye kitochi kibovu cha Himyar. Nikatoa betri. Umewahi kutazama pale betri inapolala? Kuna vijino vya dhahabu vimejipanga. Ukivibonyeza vinaingia, ukiviacha vinarudi. Nikakaa na simu mapajani mpaka ugali ukaungua. Betri ya simu haikuchomelewa popote, Qais, na simu inaongea. Hulala juu ya vijino, kifuniko kinaikandamiza, basi.

Kwa hiyo bodi yako tuitandikie kitanda. Nimevitoa vijino viwili kwa ncha ya kisu, kimoja kimevunjika, nikachukua cha tatu. Kitanda nimekikata kwenye kifuniko cha ndoo ya mafuta ya kupikia, plastiki ngumu. Mchoro wako nimeulaza juu yake nikatoboa kwa sindano kwenye vidoa, kitobo kwa kitobo, vile vile ninavyotoboa kofia. Kisha sindano ya moto, kisha vijino, nikavifunga kwa uzi kwa chini visicheze. Kila kijino nimekiachia mkia wa waya.

Nitashona na mkanda wa kitambaa cha kofia, wenye mfuko wa kitanda na kishikizo juu. Tena nafurahi hairuhusiwi kuchomelewa. Mimi natawadha mara tano kwa siku, na mpwa wako ananicheulia zaidi ya mara tano. Mkanda lazima ufuliwe. Bodi itoke, nguo ifuliwe, bodi irudi.

Nakutumia kitanda na Manase. Nimemwambia ni dawa asije akakalia.

Mama mkwe ametuma salamu na samaki wa kukausha. Salamu nimezipokea.

Rasha


Chumbageni, 29 Januari 2025

Dada,

Nilipofungua kile kijikaratasi nilipiga ukelele mpaka mke wa mwenye nyumba akaja na ufagio akidhani nyoka. Vijino vimekaa sawasawa. Bodi inalala pale kama imezaliwa pale. Unaibonyeza, inazama kidogo, unaiachia, inapanda. Nimefanya hivyo mara nyingi bila sababu yoyote.

Ila nikwambie lililonitoa jasho. Nilishashika betri, nataka kuunganisha. Kitu kikaniambia pima kwanza. Nikapima kwa mita. Chanya ya betri ilikuwa inakwenda kwenye hasi ya bodi. Ningeunganisha, bodi ya chuo ingetoa moshi na mimi ningetoka nayo.

Nikakaa chini nikafikiri, nikacheka. Nilikuchorea tumbo la bodi kama ninavyoliona nikiilaza chali. Lakini juu ya kitanda inalala kifudifudi. Ikigeuka, kushoto kwake kunakwenda kulia. Ni kama unavyomfunga mtu kishikizo ukiwa umemwelekea, mkono wako wa kulia uko kwenye kushoto kwake. Wewe umetoboa vile vile nilivyochora, na mimi sikuandika ni upande gani. Kosa langu.

Kubadilisha mikia ya waya kungetosha leo, lakini nataka kitanda chenyewe kiwe sawa, mtu asije akakosea siku moja. Sasa muda unatubana. Utaweza kutoboa kingine?

Qais


Ushongo, 3 Februari 2025

Mdogo wangu,

Usilibebe peke yako. Kofia nzuri haina ndani wala nje. Bibi alikuwa akimaliza kofia anaigeuza mbele ya mnunuzi na kumwambia, "Nionyeshe fundo." Fundo halionekani, vitobo ni vile vile pande zote mbili. Mkono wangu umelelewa hivyo, haujawahi kuuliza huu ni upande gani. Bodi ina tumbo na mgongo. Nimejifunza.

Kurekebisha kwenyewe ilikuwa dakika ya kugeuza karatasi. Nimeitoboa kwa nyuma, basi, kushoto kumekwenda kulia. Kazi ilikuwa plastiki, nimeunguza kidole na nimevunja kijino kingine. Hiki hapa kitanda kipya. Nimekikatia pengo upande mmoja, pa kutokea mdomo wa chaja, ili bodi isiweze kulala kinyume hata akiilaza mtu aliyesinzia. Aliyesinzia ni mimi.

Tausi ameanza kucheka. Sauti yake siisikii. Namwekea kiganja tumboni, tumbo linaruka ruka, ndivyo ninavyojua kicheko chake kina urefu gani. Himyar ananiuliza kwa nini nalia. Namwambia vitunguu. Ananiambia vitunguu viko hotelini.

Fanya haraka, Qais.

Rasha


Chumbageni, 10 Februari 2025

Dada Rasha,

Mita imesema ndiyo. Nimeunganisha betri, nikabonyeza bodi kitandani, na kitaa chake kikawaka. Bila risasi, bila gundi. Nikaitoa, kikazima. Nikairudisha, kikawaka. Nimeswali rakaa mbili za shukrani, kisha nikaanza kuibonyeza tena.

Vyote viko ndani ya kopo hili la maziwa. Bodi yenye kamba ndefu ni ya kusikiliza, itundike juu ya kitanda cha mtoto, mbali na dirisha la kuku. Nimeifundisha kwa kilio cha Precious, binti wa mwenye nyumba, ana mwaka mmoja na analia kama king'ora cha kiwanda. Mama yake ameniuliza, "Wewe kaka, kila mtoto akilia unakuja mbio na simu, una nini?"

Bodi ya mkononi nimeifunga kando. Kitetemeshi nimekibandika mgongoni kwa kitanda chenyewe ili mkanda uwe mdogo. Ukivaa, ukafunga kishikizo, umemaliza.

Niandikie siku hiyo hiyo.

Qais


Ushongo, 14 Februari 2025

Qais,

Ilitetemeka. Nilikuwa napeta mchele, mkono ukaanza kunguruma kama una mdudu ndani, ungo ukaniponyoka na mchele wote ukamwagika. Nikakimbia ndani, Tausi amekunja uso, ndiyo kwanza anafungua mdomo. Nilimnyanyua nikamzungusha mpaka akasahau alichokuwa anataka kulilia.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili ilitetemeka kidogo, ikanyamaza. Nikadhani mtoto amenyamaza. Sikwenda. Nilipokwenda kwa hiari yangu nilimkuta amelowa machozi mpaka shingoni.

Nimeichunguza mchana kutwa. Kitaa kinawaka, kitetemeshi kinaanza, kitaa kinazima. Inajitikisa yenyewe mpaka bodi inaruka juu ya vijino. Ni kama mtu anayepiga hodi kwa nguvu mpaka anaanguka mlangoni.

Kifaa kinachonidanganya ni kibaya kuliko masikio yasiyosikia. Masikio yangu angalau nimeshayazoea.

Rasha


Chumbageni, 17 Februari 2025

Dada,

Nimesoma barua yako mara mbili, na nimeshaamua. Mpe Manase bodi ya mkononi kesho. Nitachomelea waya. Matone mawili tu ya risasi, haitaruka tena hata uipige chini. Mwalimu Godlisten akiona nitajieleza, na kama maelezo hayatoshi, basi. Cheti hupatikana mwaka mwingine. Mtoto akishazoea kifua cha mtu mwingine hapatikani mwaka mwingine.

Usibishane nami, tafadhali. Jungu limekaribia.

Qais


Ushongo, 20 Februari 2025

Qais,

Bodi situmi. Manase amekuja mikono mitupu kwa sababu nimemwambia aje mikono mitupu, usimgombeze.

Nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza nilipokushika mkono kukupeleka chuoni, madrasa. Umeazima kitu cha watu, umetoa neno. Mimi siwezi kumlea mwanangu juu ya neno lako lililovunjwa. Na kama Bi Shamsiya atamchukua Tausi, atamchukua nikiwa na mdogo wangu mwenye cheti. Hilo limekwisha.

Haya, sasa nikupe la kufurahisha. Nilirudi kwenye kitochi, safari hii changu kizima. Kile nacho hutetemeka, mbona betri hairuki? Nikafungua, nikatazama. Kitetemeshi kiko pembeni kabisa, mbali na vijino. Na kifuniko cha nyuma hakiigusi tu betri, kinaibana. Sisi tulifanya kinyume. Tuliweka mtikisiko chini ya kitanda na juu tukaweka kitambaa.

Kitetemeshi nimekihamishia upande wa pili wa mkono, penye mshipa, waya umepita ndani ya upindo. Huko natetemeka vizuri zaidi. Juu ya bodi nimeweka kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekunjwa mara mbili, ndipo kinakuja kishikizo. Mwanzo nilikaza sana, vijino vikazama vyote na springi ikafa. Nikalegeza, ikaruka. Sasa ni nusu: vijino vimezama nusu, nusu inasukuma. Mkanda nimeutia wanga wa muhogo nikaupiga pasi, umesimama kama kofia ya bwana harusi.

Himyar alinishika mkono akautikisa kama chupa ya dawa. Akaniambia niruke, nikaruka. Akaniambia nitwange, nikatwanga. Kisha akaenda ndani akalia kama mtoto, mume mzima, mkono ukanguruma na haukuacha mpaka alipoacha. Jirani akachungulia uani kuuliza kama kuna msiba.

Jioni nimeitoa bodi nikaigeuza tumbo. Vidoa vinang'aa. Hakuna alama yoyote.

Dada yako,
Rasha


Chumbageni, 23 Februari 2025

Dada Rasha,

Nimenyamazishwa. Nimeweka kichomeleo kwenye sanduku na nimefunga sanduku.

Nilimsimulia Mwalimu Godlisten, bila kumwambia nilichotaka kufanya. Alicheka hadithi ya kulala kifudifudi mpaka akavua miwani, akasema yeye mwenyewe alishaunguza mbili hivyo hivyo. Anataka kitanda hicho kiwe ndiyo kazi yangu ya mtihani, na jina lako liandikwe pamoja na langu. Nimekubali kwa niaba yako.

Sili vizuri. Niandikie tu amesema nini.

Qais


Ushongo, 28 Februari 2025

Mdogo wangu Qais,

Kula. Tausi yuko mapajani mwangu, anavuta karatasi hii, ndiyo sababu ya mwandiko.

Bi Shamsiya alifika jana asubuhi na kapu la samaki na mikate ya kumimina, na mkononi ana begi dogo tupu. Tupu, Qais. Nikajua ni la nguo za mtoto. Sikumwambia kitu juu ya mkanda. Nilivaa baibui ya mikono mirefu, nikamtandikia mkeka barazani, mimi nikakaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Tausi amelala ndani.

Mkono ukanguruma. Nikaweka kifuu chini nikainuka.

"Unakwenda wapi? Nazi hujamaliza."

Nilikuwa namtazama midomo, ndivyo ninavyofanya siku hizi. Nikamwambia, "Tausi ameamka, mama."

"Ameamka wapi? Kimya kabisa."

Nikaingia. Mtoto alikuwa ameanza kulia, hasa. Nikamnyonyesha, akalala, nikarudi kwenye mbuzi. Bi Shamsiya ananitazama kwa jicho la pembeni. Nazi ya pili, mkono ukanguruma tena, nikainuka tena. Safari hii na yeye akainuka, akanifuata mpaka mlangoni. Tausi amefumba macho, mdomo wazi mpaka koo linaonekana, miguu inapiga godoro. Nikamgeukia mama mkwe nifurahi naye. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa ameshika sikio lake mwenyewe.

Tukarudi mkekani. Kisha akanipandisha mkono wa baibui, akaukuta mkanda. Akafungua kishikizo, akainua mpira, akaitoa bodi kwa kucha mbili kama anatoa chaza kwenye gamba.

"Hakuna gundi?"

"Hakuna."

"Kimeshikwa na nini?"

"Kimebanwa tu, mama. Kimebanwa kiasi."

Akairudisha mwenyewe, mdomo wa chaja kwenye pengo lake. Kitaa kikawaka. Ndipo akasema neno ambalo sikulisikia, nikamwambia arudie kwa nguvu, nami nikamjibu, akaniambia, "Ee?" Nikarudia kwa nguvu. Tukawa tunapigiana kelele juu ya mkeka mmoja kama watu wawili wanaoitana kutoka ng'ambo mbili za mto Pangani. Mara nikalitazama lile sikio alilolishika pale mlangoni.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka juzi." Akatazama nazi. "Adhana ya Kigombe naijua kwa kuona watu wanainuka. Siku ile nilipokuja, niliona jirani yako anachungulia dirishani kwako. Ndipo nikaingia. Nilitaka kumtoa mtoto kwa kiziwi nimpeleke kwa kiziwi, mwanangu. Tena kiziwi mzee."

Nikamshika mkono. Sikumcheka, ingawa yeye alianza kucheka, na akicheka mwili wote unacheka. Lile begi tupu nimelijaza embe za kupeleka Kigombe. Himyar ameniuliza tulikuwa tunapigia kelele nini. Nimemwambia nazi. Mengine atamwambia mama yake mwenyewe, si kazi yangu.

Kesho au keshokutwa mwezi unaandama, na Bi Shamsiya anataka mkanda wa kwake. Bodi ya kusikiliza ataitundika dirishani, upande wa msikiti, mkono umwamshe kwa adhana. Kwa hiyo mtihani wako ukiisha, bodi za Mwalimu Godlisten zirudi kwake safi kama zilivyotoka, na mimi nitahitaji hivi, usisahau hata kimoja:

Bodi nne za kununua, si za kuazima, mbili zangu na mbili za Bi Shamsiya. Himyar ameshakubali, muulize yeye. Betri ndogo bapa, mbili. Vitetemeshi viwili. Vitochi vibovu, vyovyote watakavyokupa mafundi simu, na viwe vingi maana vijino huvunjika. Mita ya kupimia, hata kuukuu, nataka kujipimia mwenyewe kabla ya moshi. Tyubu ninayo. Uzi wa kofia rangi ya maziwa, mweupe mtupu ameukataa, anasema yeye si maiti. Mchoro mpya wa tumbo la bodi, na juu yake uandike kwa wino: hivi ndivyo ilivyo ikilala chali.

Na sindano za kofia namba tisa, ziwe mbili. Moja haitatosha. Bi Shamsiya anasema kitanda chake atakitoboa mwenyewe.

Dada yako,
Rasha